Nani Atangulie Kuweka Pesa

Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilianza Kinshasa saa kumi za alfajiri, tarehe 30 Oktoba 1974. Kwetu Luvungi, mashariki mwa Kongo, ilikuwa saa kumi na moja, maana saa za Kivu zinatangulia zile za Kinshasa kwa saa moja, na kina mama walikuwa wanajiandaa kushika njia ya mashamba. Papa alikuwa na redio ya betri. Wanaume wa mtaa wetu walijaa barazani kwake, wengine wamejifunga mablanketi, na sisi watoto tuliambiwa tunyamaze. Nilikuwa bado shule ya msingi. Kilichonishangaza asubuhi ile ni saa. Nani aliyepanga watu wazima wapigane ngumi wakati jogoo bado wanawika? Nilimwuliza papa, akanijibu kwamba ndivyo wakubwa walivyotaka.

Papa alisema kweli, ila wakubwa wa saa ile hawakuwa Kinshasa. Saa kumi za alfajiri za Kinshasa zilikuwa saa nne za usiku New York, tena tarehe 29 ilikuwa haijakwisha. Huko watu walikuwa wameshakata tiketi na kuketi katika kumbi za sinema zilizopokea picha kwa setilaiti. Watazamaji waliojaza uwanja wa Kinshasa walikuwa maelfu kwa maelfu, lakini tiketi zao zisingeweza kulipa hata kipande cha gharama. Pesa ilikuwa kwenye kumbi za Marekani, na saa ikafuata pesa. Saa ile tuliyoamshwa ilikuwa kifungu cha mkataba.

Nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Luvungi, na kila mwaka wanafunzi, ambao siku hizi hufuatilia ngumi kwenye simu, huniuliza swali lilelile: mwalimu, kwa nini mabondia wawili wa uzito wa juu wanaotakiwa na dunia nzima hukaa miaka bila kukutana? Wanaogopana? Mimi huwarudisha 1974. Sijaona pambano jingine linaloonyesha wazi namna hiyo jinsi biashara hii inavyofungwa, na lilifanyika katika nchi yetu, kwa pesa ya nchi yetu.

Woga si jibu. Mimi huwasaidia vijana wa ngumi wa Uvira kuandaa mapambano yao, na sijawahi kuona pambano likivunjika kwa sababu kijana mmoja anamwogopa mwenzake. Huvunjika kwa jina la nani litangulie kwenye bango, kwa nani aingie ulingoni wa mwisho, na zaidi ya yote kwa nani ashike zile franka kabla ya kengele. Sisi huziweka kwa mfanyabiashara mmoja mwenye umri, asiye na bondia upande wowote. Akikosekana mtu kama yeye, mazungumzo huishia palepale. Kwenye uzito wa juu kikwazo ni hichohicho, isipokuwa mfanyabiashara anayeweza kushika pesa zote zile ni vigumu kumpata duniani.

Mwanzoni mwa 1974 hali ilikuwa hivi. Foreman alikuwa bingwa, umri wake miaka 25, mapambano 39 bila kupoteza hata moja, na 36 kati ya hayo aliyamaliza kabla ya muda. Joe Frazier alimwangusha mara sita katika raundi mbili pale Kingston, Jamaika, Januari 1973. Ali alikuwa na miaka 32. Ubingwa wake ulichukuliwa mwaka 1967 nje ya ulingo, alipokataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na aliporudi alishindwa na Frazier Machi 1971. Mwaka 1973 Ken Norton alimvunja taya. Lakini Januari 1974 alimshinda Frazier katika pambano la pili, na tangu hapo kila mpenda ngumi alitaka kitu kimoja tu.

Sasa tazama ugumu wake. Bingwa ana mkanda, kwa hiyo anadai apate fungu kubwa. Mpinzani wake ana jina, watu wanalipa ili kumwona yeye, kwa hiyo naye anadai fungu kubwa. Kila mmoja ana haki. Mkanda bila jina haujazi ukumbi, na jina bila mkanda halifanyi pambano la ubingwa. Juu ya hayo, mapato ya kumbi za sinema hupatikana baada ya pambano, ilhali bondia hutaka fedha kabla, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kurudi nyumbani na taya lililovunjika. Mwenye kuandaa hana fedha mpaka tiketi ziuzwe, na tiketi haziuzwi mpaka mabondia watie sahihi. Kila mtu anamsubiri mwenzake.

Don King ndiye aliyelifungua fundo hilo, na wakati ule hakuwa tajiri. Alikuwa ametoka gerezani Ohio mwaka 1971 na alikuwa anafanya kazi na kampuni ya Video Techniques ya Hank Schwartz, iliyohusika na kurusha mapambano kwenye kumbi. Alichowaahidi mabondia ni fedha sawasawa: dola milioni 5 kila mmoja. Wazo la usawa halikuwa lake, maana mwaka 1971 Ali na Frazier walilipwa milioni mbili na nusu kila mmoja, nyingi zikitoka mfukoni mwa tajiri wa Los Angeles, Jack Kent Cooke. King aliongeza ukubwa wa namba tu. Milioni 5 ziliua ubishi wa nani mkubwa kuliko nani, kwa sababu hakuna aliyewahi kupata kiasi kama hicho. Watu wa Ali, wakiongozwa na meneja wake Herbert Muhammad, hawakuamini kwamba mtu huyu angezipata, na kwa sababu hawakuamini hawakuona hatari ya kukubali. King akaibeba sahihi ya Ali akaenda California kwa Foreman. Foreman alikuwa katikati ya talaka na kesi, akiwa na sababu nyingi za kumshuku kila mwenye karatasi mkononi. King alizungumza naye mpaka akakubali. Sahihi ya mmoja ilikuwa na thamani kwa sababu ya sahihi ya mwenzake.

Hata hivyo bado hapakuwa na pesa. Mikataba ilitaka malipo ya hatua kwa hatua: kiasi kidogo kwanza, kisha barua za dhamana za benki, kisha salio, kila hatua na tarehe yake. Tarehe ikipita bila fedha, mkataba ungekufa na mabondia wangebaki na kile walichokwisha kupokea. Ni kifungu kikali, na ninakiheshimu. Bondia aliyedanganywa mara nyingi hujilinda hivyo. Kampuni ya Uingereza, Hemdale ya John Daly, ilichangia sehemu. Haikutosha. King na Schwartz walitafuta kila mahali mtu wa kuweka milioni kumi mezani kabla tiketi hata moja haijauzwa, wala wasimpate, kwa sababu mfanyabiashara mwenye akili hupiga hesabu, na hesabu ya pambano lile ilikuwa na hatari kubwa kuliko faida.

Aliyepatikana hakuhitaji faida. Kampuni iitwayo Risnelia, iliyosajiliwa Panama na yenye benki zake Uswisi, iliingia kama mdhamini, na nyuma yake alikuwa rais wetu, Mobutu Sese Seko. Zaire, ndivyo nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, ikabeba malipo ya mabondia wote wawili. Kwa upande wa serikali, Mandungu Bula ndiye aliyesimamia shughuli. Habari ilipotangazwa mwezi Machi, Foreman alikuwa Caracas, ambako alimwangusha Norton katika raundi ya pili. Baada ya ushindi ule serikali ya Venezuela iliwazuia mabondia kuondoka mpaka suala la kodi lipatiwe dhamana. Kingston, Caracas, Kinshasa: ukiiangalia orodha hiyo utaona kwamba ubingwa wa uzito wa juu ulikuwa umeshaanza kuhamia kwa serikali kabla ya Mobutu. Yeye alikwenda mbali kuliko wengine.

Na kwa nini yeye? Hapa mtu wa Luvungi ana la kusema. Ukishika barabara ya Bukavu kutoka hapa utafika Kamanyola, na huko, katika vita vya 1964, ndiko Mobutu alikosema aliwageuza askari waliokuwa wanakimbia wakapigana na waasi. Mji mdogo wa uwanda wetu akaufanya hazina. Aliipa divisheni ya jeshi jina la Kamanyola, akaipa na meli yake ya kifahari, na uwanja mkubwa wa Kinshasa, huu unaoitwa sasa Uwanja wa Mashahidi, ulifunguliwa miaka ya tisini ukiitwa Kamanyola. Huyu alikuwa mtu aliyejua kwamba jina lina kazi kuliko bunduki. Mwaka 1971 alibadili jina la nchi, baadaye majina ya watu wote, na la kwake mwenyewe. Mwishoni mwa 1973 alitangaza kuzitwaa biashara za wageni. Shaba ya Katanga, mkoa ambao nao alikuwa ameuita Shaba, ilikuwa inauzwa kwa bei ya juu sana miezi ile. Mtu mwenye fikra hizo anaponong'onezwa kwamba kwa milioni kumi dunia nzima italitamka neno Zaire usiku mmoja, haoni ughali. Mabango ya Kinshasa yalilitaja pambano kuwa zawadi yake kwa wananchi.

Zawadi ile ilikuwa na bei. Wakati ule zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili, kwa hiyo malipo ya mabondia peke yake yalikuwa zaire milioni tano. Ongeza ukarabati wa Uwanja wa 20 Mei, palipofanyika pambano, mitambo ya simu na setilaiti, kambi ya N'Sele walikofanyia mazoezi, malazi ya wageni na waandishi. Huku kwetu watu walikuwa wanalima pamba. Mkulima wa uwanda wetu wa Ruzizi alipeleka pamba yake kwenye mizani siku aliyoambiwa, akalipwa kwa makuta bei iliyoamuliwa mbali naye, bila mazungumzo. Papa alikuwa mmoja wao. Sijawahi kusoma mkataba wowote wa ngumi bila kuiwazia mizani ile. Wanaume wawili walikaa na mawakili wao wakadai kila senti, na nilifurahi kwa ajili yao, kwa sababu walikuwa wajukuu wa watu waliouzwa. Aliyelipa alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuruhusiwa kutaja bei yake.

Nasema hivyo bila kuamini hadithi kwamba ngumi ziliifilisi Zaire. Bei ya shaba ilishuka kuanzia katikati ya 1974, na mwanzoni mwa 1975 ilikuwa chini ya nusu ya kilele chake. Mwaka huohuo nchi ilianza kushindwa kulipa madeni yake, na biashara zilizotwaliwa zilikuwa zimeshaharibika mikononi mwa waliopewa. Milioni kumi ni kidogo mbele ya mambo hayo. Lakini ni mtu asiyeulizwa na yeyote tu anayeweza kuzitoa kwa namna ile.

Halafu likaja jeraha. Pambano lilikuwa limepangwa mwishoni mwa Septemba. Tarehe 16 Septemba, mazoezini N'Sele, kiwiko cha bondia aliyekuwa akifanya naye mazoezi kilimchana Foreman juu ya jicho. Kwa namna ya kawaida hapo ndipo pambano hufa. Bingwa hurudi kwao kutibiwa, wiki zinageuka miezi, mawakili wanapata kazi, mpinzani anazeeka. Foreman alitaka kwenda Ulaya kutibiwa. Wakubwa wa Zaire hawakuruhusu mtu aondoke, kwa kuwa walijua kwamba akipanda ndege huenda asirudi. Tamasha la muziki lililoandaliwa kwenda sambamba na pambano lilifanyika bila pambano, tarehe 22 hadi 24 Septemba, James Brown na B.B. King wakipanda jukwaani pamoja na Miriam Makeba, Celia Cruz, Franco na Tabu Ley. Mabondia walisubiri wiki tano karibu na mto, mvua za msimu zikikaribia. Serikali iliweza kufanya jambo ambalo hakuna promota angeweza: kumshikilia bingwa wa dunia mahali alipo.

Pambano lenyewe kila mtu analijua. Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman apige mpaka mikono ikamwishia nguvu, na katika raundi ya nane akamwangusha. Kwenye redio ya papa hatukuelewa habari za kamba. Tulielewa kelele. Wazee walirushana mikono, na mmoja wao, ambaye alikuwa amesema tangu usiku kwamba mzee wa miaka 32 atauawa, alikaa kimya muda mrefu.

Baada ya hapo biashara ilizidi kuwa ngumu. Mwaka 1974 mikanda ilikuwa miwili, wa chama cha WBA na wa chama cha WBC, na Foreman alikuwa nayo yote. Mwaka 1978 Leon Spinks alimshinda Ali, kisha akachagua kurudiana naye badala ya kupigana na Norton kama WBC ilivyotaka, nayo ikamvua mkanda. Tangu hapo uzito wa juu uligawanyika. IBF ilianza 1983, WBO 1988. Kila chama kina ada yake, orodha yake ya wapinzani, na mpinzani wake wa lazima ambaye bingwa akimkwepa huvuliwa. Bingwa mwenye mikanda mitatu ana wapinzani watatu wa lazima wanaomsubiri mlangoni, na kila mmoja ana promota na wakili. Desemba 1992 Riddick Bowe aliutupa mkanda wa WBC kwenye pipa la taka London badala ya kupigana na Lennox Lewis. Lewis na Mike Tyson walikutana Juni 2002 tu, Memphis, baada ya televisheni mbili hasimu zilizowamiliki kukubali kurusha pambano moja pamoja.

Mwaka 2021 Tyson Fury na Anthony Joshua walikuwa wamekubaliana kila kitu, na tarehe ya Agosti nchini Saudi Arabia ikatajwa. Kisha msuluhishi nchini Marekani akaamua kwamba Deontay Wilder ana haki ya kurudiana na Fury kwa mkataba wa zamani, na mazungumzo yote yakaanguka siku moja. Mwaka 2023 Fury alidai asilimia 70 ili apigane na Oleksandr Usyk London. Usyk alikubali 30, jambo lililowashangaza wengi, na bado pambano lilikufa kwa kifungu cha marudiano. Hapo wanafunzi wangu huniangalia kama nimekosea. Mtu amekubali kupunjwa na bado hawapigani? Ndiyo, kwa sababu mgawo wa pesa ni swali la usiku mmoja, na kifungu cha marudiano ni swali la nani atakuwa na nguvu keshoye. Mshindi bila kifungu ana dunia yote mkononi. Aliyeshindwa bila kifungu anarudi nyuma ya mstari.

Walikutana hatimaye Riyadh, 18 Mei 2024, Usyk akashinda, na kwa mara ya kwanza tangu Lewis mwaka 1999 mikanda yote mikuu ikawa kwa mtu mmoja. Pambano lilikuwa limepangwa Februari, lakini Fury alichanika juu ya jicho mazoezini. Safari hii pia iliyoshikilia mambo yasivunjike ilikuwa serikali yenye fedha isiyotafuta faida ya tiketi. Wiki chache tu baadaye Usyk aliachia mkanda wa IBF, kwa sababu mpinzani wa lazima alikuwa anangoja.

Kongo yetu imebaki upande wa pili wa meza. Ilunga Makabu alichukua mkanda wa WBC wa uzito uliofuata ule wa juu wakati ule, Kinshasa, tarehe 31 Januari 2020, mbele ya watu wake, na promota wake baadaye alikuwa Don King yuleyule. Mwishoni mwa 2021 WBC ilimruhusu Canelo Álvarez, bondia aliyelipwa kuliko wengi duniani, ampe Makabu changamoto. Makabu alimshinda kwanza Thabiso Mchunu huko Ohio, Januari 2022, akasubiri. Canelo akachagua mtu mwingine. Makabu alikuwa na mkanda bila jina, na hapakuwa na serikali ya kuweka dola mezani. Februari 2023 alipoteza mkanda Saudi Arabia mikononi mwa Badou Jack.

Ndugu yake Makabu, Martin Bakole, ni wa uzito wa juu hasa, mkubwa wa mwili na mzito wa mkono. Agosti 2024 alimmaliza Jared Anderson katika raundi ya tano huko Los Angeles, na tulidhani sasa watamwita mezani kwa heshima. Februari 2025 Daniel Dubois, bingwa wa IBF, aliugua siku chache kabla ya kupigana na Joseph Parker Riyadh. Wakampigia simu Bakole siku mbili kabla. Mtu mwenye nguvu ya kusubiri angekataa, au angedai mazoezi ya wiki sita na mkataba wa kurasa arobaini. Bakole alipanda ndege, akapima uzito wa karibu kilo 140, na akaanguka katika raundi ya pili.